Paka Abakiaye Nyumbani: Matunzo Yake Wenyeji Wanaposafiri

Methali isemayo kwamba paka akiondoka panya hutawala yajulikana na kila mwanafunzi. Swali lililo kinyume chake huulizwa mara chache: mwenye nyumba akiondoka, paka huishije? Kila mwezi wa Juni na Desemba, shule za Tanzania zinapofungwa, jamaa nyingi za mijini husafiri kwenda kuwaona wazee wao mikoani. Kuku na mbuzi huachiwa mtu wa kuwatazama. Paka, kwa upande wake, aghalabu huachwa hivi hivi, kwa kuwa yaaminika kuwa ni mnyama wa kujitafutia. Elimu ya viumbe yaonyesha kwamba imani hiyo ni nusu ya ukweli tu, na nusu iliyobaki yaweza kumgharimu mnyama maisha yake.

Asili ya paka

Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika, aitwaye kitaalamu Felis lybica, ambaye hata leo huishi katika mbuga na vichaka vya Afrika ya Mashariki. Urafiki wake na binadamu ni wa kale. Mwaka 2004 wataalamu wa mambo ya kale walitangaza kwamba katika kisiwa cha Saiprasi limepatikana kaburi la mtu, na kando yake paka aliyezikwa yapata miaka 9,500 iliyopita.

Hata hivyo, ufugaji haukumwondolea paka tabia mbili za babu zake: huwinda peke yake, na hushikamana na eneo lake. Ajisuguapo mashavu kwenye mguu wa meza au akwaruzapo mlango kwa makucha, huacha harufu isiyotambulika kwa pua ya binadamu, lakini kwake ni alama ya mahali palipo salama.

Abaki au ahamishwe?

Kwa sababu hiyo, katika safari ya siku chache paka mzima wa afya huona nafuu zaidi kubaki nyumbani mwake, akijiwa na jirani au ndugu asubuhi na jioni, kuliko kuchukuliwa ndani ya kikapu hadi nyumba ya kigeni. Paka aliyehamishwa na kufunguliwa siku ile ile aweza kushika njia kurudi kwao, akavuka barabara asizozijua na kupotea.

Iwapo hapana budi ahamishwe, yafaa awekwe kwanza katika chumba kimoja, pamoja na kitambaa alichozoea kulalia, kikiwa hakijafuliwa ili kibaki na harufu yake. Apewe pia sanduku la kujificha. Uchunguzi uliofanywa Uholanzi na kutolewa mwaka 2014 ulilinganisha paka 19 waliokuwa wageni katika kituo cha kutunzia wanyama. Wale waliopewa masanduku walitulia mapema kuliko wenzao walionyimwa. Kujificha si dalili ya ubishi. Ndiyo njia ya paka kupunguza hofu.

Kwa nini ugali hautoshi

Mbwa aweza kuishi kwa chakula cha mchanganyiko. Paka ni mla nyama kwa maumbile yake. Mwili wake hauwezi kutengeneza taurini ya kutosha, kemikali ipatikanayo katika nyama na samaki. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba upungufu wa taurini huharibu sehemu ya nyuma ya jicho ipokeayo mwanga, na mwaka 1987 ikadhihirika kwamba hudhoofisha pia misuli ya moyo.

Kwa hiyo mwangalizi aachiwe dagaa, samaki, au fedha ya kununulia utumbo na nyama, wala si unga peke yake. Taurini huyeyuka katika maji, hivyo supu iliyochemshiwa samaki isimwagwe. Supu hiyo isitiwe vitunguu, kwani vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Maziwa nayo si badala ya maji, maana paka wengi wazima hawawezi kumeng'enya vizuri sukari iliyomo, wakaharisha.

Hatari ya kutokula

Watu wengine humwachia paka bakuli kubwa la chakula cha juma zima na kuamini kwamba wametimiza wajibu. Chakula kibichi huoza upesi katika joto la pwani, na siafu hukivamia. Lakini hatari iliyo kubwa zaidi ni kwamba bakuli haliwezi kutambua kuwa paka hali.

Paka asipokula kwa siku kadhaa, mwili wake huyapeleka mafuta yaliyohifadhiwa hadi kwenye ini ili yageuzwe kuwa nguvu. Ini la paka halina uwezo wa kuyashughulikia kwa wingi huo. Mafuta hujaa ndani ya chembe zake na kazi yake huvurugika. Ufizi na macho huwa manjano, na asipotibiwa hufa. Ajabu ni kwamba paka mnene ndiye aliye hatarini zaidi. Kadhalika, paka dume achuchumaaye mara kwa mara bila kutoa mkojo huenda njia yake ya mkojo imeziba, na bila msaada wa daktari wa mifugo aweza kufa katika muda wa siku chache tu. Mambo haya hugunduliwa na jicho la mtu ajaye kila siku.

Afya ya mwangalizi

Mwangalizi naye apaswa kulindwa. Kinyesi cha paka chaweza kuwa na mayai ya kimelea kiitwacho Toxoplasma gondii, ambacho humdhuru mtoto aliye tumboni. Mayai hayo huanza kuambukiza baada ya siku 1 hadi 5 tangu yatolewe. Kwa hiyo sanduku la mchanga lisafishwe kila siku, na kazi hiyo asipewe mwanamke mjamzito.

Paka achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa kabla ya safari, maana ugonjwa huo humpata yeye pia. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kuchelewa. Paka akiugua, asipewe dawa za watu: hata kidonge kimoja cha parasetamoli chaweza kumwua.

Paka wa ghala la shule

Yasemwayo juu ya nyumba yahusu shule za bweni vile vile. Paka alindaye mahindi dhidi ya panya hutegemea pia makombo ya jikoni. Jiko likifungwa na ghala likiwa tupu, makombo hukoma na panya nao huhama. Mkuu wa shule aweza kumkabidhi mlinzi kazi hii kwa maandishi, pamoja na posho ndogo ya dagaa. Wakati huo sumu ya panya isitumiwe, kwani paka alaye panya aliyekula sumu huweza kudhurika.

Zoezi kwa wanafunzi

Chukua mabakuli mawili yaliyo sawa na utie kila moja mililita 300 za maji. Moja mwachie paka. La pili liweke kando yake, ukilifunika kwa wavu wenye matundu makubwa. Baada ya saa 24 pima maji yaliyobaki. Ikiwa la kwanza lina mililita 180 na la pili 270, basi mililita 30 zimegeuka mvuke na paka amekunywa 90.

Paka huhitaji takriban mililita 50 za maji kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yakiwemo yale yaliyomo katika chakula. Rudia kipimo siku ambayo amekula samaki wabichi, na siku ambayo amekula dagaa wakavu. Eleza tofauti utakayoiona, kisha umwandikie mwangalizi kiasi cha maji ambacho paka wako hunywa kwa kawaida, ili ajue siku ambayo mambo yamebadilika.