Bibi ameshiba, sawa. Kwa mboga gani?

Fika Lugoba, barabara ya Chalinze–Segera, umuulize bibi kama amekula. Atakujibu: "Nimeshiba, mjukuu wangu." Kabla hujaridhika, hebu tupige hesabu.

Tuseme bibi ana kilo 50. Wataalamu wa lishe wanashauri mzee apate protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani gramu 50 hadi 60. Kijana anahesabiwa 0.8 tu. Kwa nini mzee azidi? Kwa sababu misuli yake haiitikii chakula kama zamani; kwa protini ile ile, inajengeka kidogo.

Sasa tuangalie sahani. Ugali wa unga wa mahindi gramu 200 una protini kama gramu 16. Mchicha unaongeza kidogo tu. Tumbo limejaa, misuli ina njaa. Ikipungua, kunyanyuka kwenye mkeka kunakuwa kazi, na kuanguka ni rahisi.

Meno hayapo? Dagaa wakavu waoshwe, waanikwe, wasagwe, kisha wachanganywe kwenye mboga. Gramu 30 zina protini karibu 18, pamoja na vitamini B12, ambayo mahindi na mchicha havina. Kama ana ugonjwa wa figo, muulizeni daktari kwanza.

Ila dagaa ni hela. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kuwalipa pensheni jamii wazee wa miaka 70 na kuendelea. Huku bara, tegemeo la bibi wengi ni shamba na wewe. Kwa hiyo ukimpigia simu leo, usiishie kwenye "umekula?" Uliza: "Umekula mboga gani?"