Unataka kuhamia BCom? Soma hapa kabla hujamtumia broka pesa za mathee

Umefungua tovuti ya KUCCPS saa sita usiku, bando liko karibu kuisha, na jina la kozi uliyopewa hukumbuki hata kulichagua. Uliweka BCom ya Chuo Kikuu cha Nairobi juu kabisa, zile nafasi zingine ukazijaza kwa kubahatisha. Sasa shangazi ameshakupongeza kwenye kundi la WhatsApp la familia, mjomba anauliza karo ni ngapi, na wewe umekaa kitandani unajiuliza utawaambiaje kwamba hutaki kwenda.

Najua hiyo hali kwa sababu nimekaa kwenye hicho kitanda. Nilijaribu kuhamia BCom, nikakosa, nikapoteza pesa za mama yangu, na mwaka wa pili nikatoka chuoni kabisa. Kwa hivyo usinichukulie kama mshauri wa masomo. Ninachokuambia hapa ni mambo ambayo mimi niliyajua baada ya pesa kuenda.

Kwanza, watu husema "kuhama" kana kwamba ni kitu kimoja. Kuna kuhama kozi ndani ya chuo kile kile ulichopelekwa. Kuna kuhama chuo kupitia KUCCPS, ile shirika la serikali linalowagawia wanafunzi nafasi. Halafu kuna kuhama kivyako, ukiwa tayari umesoma muhula kadhaa, unabeba matokeo yako na kuomba chuo kingine kikupokee. Kila moja ina mlango wake, na ukibisha mlango usio wako utasimama hapo mpaka uchoke.

Huu wa katikati ndio wengi wetu hukimbilia, kwa hivyo tukae hapo kidogo.

Kila mwaka, wanafunzi wapya wakishapewa nafasi, KUCCPS hufungua dirisha la uhamisho. Hufunguliwa kwa muda mfupi, na likifungwa limefungwa. Unaingia kwenye akaunti yako ile ile uliyoombea kozi, unachagua kozi na chuo unachotaka, unalipa ada, unangoja. Chuo unachotoka na kile unachoenda vyote vinahusika katika kukubali. Hapo ni rahisi. Ugumu uko kwenye sharti moja ambalo mimi sikulisoma: lazima uwe umefikisha alama ya mwisho ya kozi hiyo, ya mwaka wako, katika chuo hicho, na nafasi iwepo.

Alama ya mwisho ni nini? Si kitu ambacho mtu amekaa ofisini akapanga. Ni pointi za mwanafunzi wa mwisho kuingia kwenye kozi hiyo mwaka huo. Ndiyo maana inapanda na kushuka. BCom ya Nairobi, inayofundishwa katika kampasi ya Lower Kabete, inatakwa na watu wengi sana, basi yule wa mwisho kuingia huwa bado yuko juu.

Sasa fikiria hili polepole, kwa sababu ningelifikiria mimi ningekuwa na maisha mengine. KUCCPS inakupeleka kwenye chaguo lako la juu zaidi ambalo pointi zako zimefikia. Kama uliweka BCom ya Nairobi namba moja na hukuipata, maana yake ni kwamba kuna watu wenye pointi kukuliko waliojaza nafasi zote. Hukufikisha. Na kama hukufikisha, basi ukiomba kuhamia kozi hiyo hiyo katika chuo hicho hicho, unaomba kitu ambacho kompyuta imeshakukatalia. Uhamisho si rufaa. Unamfaa mtu aliyekuwa na pointi lakini hakuomba: aliyechagua uhandisi kwa sababu baba alitaka, au ualimu kwa sababu mwalimu mkuu alisema kuna kazi, kisha akabadili nia.

Pointi zako utaziona kwenye akaunti yako, zimeandikwa kando ya kila kozi. Lakini kama wewe ni kama mimi, unapenda kujipigia mwenyewe. Hesabu ambayo wanafunzi wengi hutumia kukisia ni hii. Chukua masomo manne yanayohesabiwa kwa kozi unayotaka, jumlisha pointi zake, A ikiwa 12, B 9, C+ 7, gawanya kwa 48. Chukua jumla yako ya masomo saba, gawanya kwa 84. Zidisha hizo mbili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Mtu mwenye jumla ya 64, ambayo ni B, na pointi 40 kwenye yale masomo manne, anapata kama 38.2. Linganisha na alama ya mwisho ya mwaka wako. Ukiwa chini hata kwa sehemu ya pointi, funga hilo dirisha.

Mimi sikulifunga. Nilikuwa na B yangu, nilikuwa chini, na saiba ya mtaani walinisaidia kujaza ombi bila kuniuliza swali lolote. Likakataliwa. Hapo ndipo jamaa mmoja wa hosteli akaniambia ako na mtu ndani.

Kila komredi ameshasikia kuhusu huyu mtu wa ndani. Hana jina kamili. Anapiga simu kwa namba ambayo ukiiangalia kwenye M-Pesa inaleta jina la mwanamke usiyemjua. Wangu alitaka Sh20,000, nusu sasa na nusu barua ikitoka. Mathee anauza mitumba Gikomba na hiyo ilikuwa zamu yake ya chama. Alinuia kuongeza bidhaa. Nilimwambia ni ada ya uhamisho, na hakuuliza mara ya pili, kwa sababu yeye hakufika sekondari na aliamini ninajua ninachosema.

Barua ilitoka kweli, na mhuri, na saini, na jina langu limeandikwa bila kosa. Nikatuma ile nusu nyingine. Nikavaa shati la harusi ya binamu, nikapanda matatu kupitia Westlands mpaka Lower Kabete, nikapanga foleni na wanafunzi wapya. Mama wa ofisini aliisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. Hakupandisha sauti. Aliniambia, "Kijana wangu, hii si barua yetu. Uliipata kwa nani?" Nilitoka nje nikapiga ile namba. Mteja. Nikapiga tena jioni. Mteja. Mpaka leo ni mteja.

Nilirudi kwenye kozi niliyopewa na mathee nikamwambia bado wanashughulikia. Nilimwambia hivyo kwa mihula miwili. Darasani nilikuwa naenda kama mtu anayengoja gari, sikufungua hata daftari vizuri, sapu zikajikusanya, na mwaka wa pili nikaacha. Chuo hakikunifukuza. Nilijitoa.

Linganisha na rafiki yangu wa Umoja, tuliyefanya KCSE pamoja. Yeye alikuwa na pointi. Alikuwa amechagua kozi ya takwimu katika chuo cha nje ya Nairobi, na wiki ya kwanza tu akajua hapana. Akafanya kitu ambacho mimi nilikiona ni ujinga: akaripoti, akajisajili, akaanza kusoma. Alisema uhamisho ukikataliwa angalau ana kitanda na kozi. Dirisha lilipofunguliwa aliomba siku ya kwanza, akaenda mwenyewe kwa msajili kuuliza ombi limefika wapi, na akaenda tena. Alikubaliwa muhula ukiwa umeenda sana, na yuniti alizokuwa ameanza hazikumsaidia. Akarudi nyuma. Wenzake walimaliza mbele yake.

Kilichomtesa zaidi ni pesa. Mkopo wa HELB una sehemu ya karo ambayo hutumwa chuoni moja kwa moja, na yeye alisahau kuwaambia HELB amehama. Pesa zikaenda chuo cha kwanza. Kuzifuata kulimchukua muda kuliko uhamisho wenyewe, na muhula huo alikula githeri kwa mkopo wa mama wa kibanda. Ukihama, waandikie siku hiyo hiyo, usingoje. Na nyinyi mlioingia chini ya mfumo wa ufadhili ulioanza 2023, wenye ufadhili wa serikali, mkopo na mchango wa familia, mna sababu zaidi ya kuuliza mapema, kwa sababu kozi hazina gharama sawa na fungu la nyumbani linaweza kubadilika. Uliza kabla, upate jibu kwa maandishi.

Lakini vipi kama huna pointi za Nairobi na bado unataka biashara? Hapa ndipo ninapojilaumu, kwa sababu jibu lilikuwa karibu. Vyuo vingi vya umma vina BCom, na alama zao za mwisho haziko sawa. Kwa B yangu kulikuwa na BCom mahali fulani. Sikuitaka kwa sababu haikuwa Lower Kabete, basi. Na hata chuo nilichopelekwa kilikuwa na shahada ya biashara, ghorofa mbili juu ya darasa langu! Kuhama ndani ya chuo kungehitaji fomu, saini za wakuu wa vitivo viwili na nafasi kuwepo, na kungefanyika wiki za mwanzo kabla mambo hayajakolea. Sikuwahi kupanda hizo ngazi kuuliza.

Ule mlango wa tatu, wa kuhama na matokeo yako ukiwa mwaka wa pili hivi, upo pia, ila ujue ni wa mtu mwenye mfuko na matokeo mazuri. Unaenda kama mwanafunzi wa kujilipia. Unabeba transkripti na maelezo ya kila yuniti uliyosoma, kitivo kinakaa na kuamua ni zipi zinalingana na zao. Usitarajie zote zikubaliwe: chuo kinachokupa digrii kinataka sehemu kubwa ya digrii hiyo uwe umeisomea kwake. Vyuo vya kibinafsi kama Strathmore vina mtihani wa kuingia na mahojiano, kwa hivyo huko pia si kulipa tu na kuingia. Na mtu mwenye sapu kama zangu asijisumbue.

Sasa mnaniuliza, kwani lazima BCom? Mimi nilidhani lazima, kwa sababu kwetu mtaani mtu wa kwanza kununua gari alikuwa mhasibu aliyesomea hapo. Nilichokuwa nataka hasa ni uhasibu, na uhasibu una njia nyingine. CPA ya Kasneb inahitaji C+ katika KCSE, mitihani inafanywa mara tatu kwa mwaka, unaweza kusomea nyumbani, na waajiri wanaoitaka hawakuulizi ulilala hosteli gani. Waliomaliza BCom wenyewe hurudi kuifanya, ila wao husamehewa baadhi ya karatasi. Si rahisi. Nimewaona watu wenye digrii wakilia kwa sababu ya kodi na ukaguzi wa hesabu.

Mathee nilimwambia ukweli mwaka jana, jikoni, akichambua sukuma wiki. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele. Aliendelea kuchambua, akaniuliza tu huyo mtu alikuwa na umri gani, nikasema sijui, sikuwahi kumwona. Akasema zile elfu ishirini zingenunua belo la nguo za watoto. Kisha akaniuliza huo mtihani wa Kasneb unalipiwa pesa ngapi, na safari hii akataka kuona karatasi. Nikamfungulia simu. Aliisoma kiasi cha ada herufi kwa herufi, akakitazama tena, akaniambia nilipie mbele yake.