Karatasi Inayosema "Amiba"

Mgonjwa wa tumbo akitoka maabara na karatasi iliyoandikwa "amiba", mara nyingi habari huishia hapo: anaandikiwa dawa ya metronidazo, anarudi kwao Mkalama au Ikungi, mkoani Singida. Karatasi haijasema ni amiba gani. Utumbo wa binadamu hukaliwa na aina kadhaa, na nyingi hazina ubaya wowote.

Ya kuogopwa ni Entamoeba histolytica. Hiyo hutoboa ukuta wa utumbo, ikaleta choo cha damu na kamasi, na pengine ikafika kwenye ini na kufanya jipu. Baadhi ya wenzake hujulikana kwa macho na subira. Sisti ya histolytica iliyokomaa, yaani amiba ikiwa imejifungia ndani ya ganda, ina viini vinne. Ya Entamoeba coli, isiyodhuru, hufikia vinane. Entamoeba hartmanni nayo ina vinne, ila ni ndogo, haifiki mikromita 10. Iodamoeba hujifichua kwa tone la iodini: akiba yake ya glaikojeni hugeuka kahawia iliyokolea.

Kazi ipo kwa Entamoeba dispar. Mfaransa Émile Brumpt alidai mwaka 1925 kwamba kuna amiba mbili za sura moja, moja inaumiza na nyingine haiumizi. Wengi walimpuuza, na si ajabu, kwani chini ya hadubini sisti zao hazitofautiani hata kidogo. Vipimo vya protini na vinasaba ndivyo vilivyompa haki yake, na amiba hizo mbili zikatenganishwa rasmi mwaka 1993. Tena ipo Entamoeba moshkovskii, iliyoonekana kwanza katika maji taka ya Moscow. Utafiti wa Moshi uliochapishwa mwaka 2008, uliofanywa kwa watu wanaoishi na VVU, uliikuta kwa wingi kuliko histolytica yenyewe.

Hata hivyo, hadubini ya zahanati inaweza kunasa ishara moja nzito: amiba hai, inayotambaa, iliyomeza chembe nyekundu za damu. Lakini choo cha majimaji kinatakiwa kiangaliwe ndani ya nusu saa hivi. Sampuli iliyotiwa kwenye kiberiti alfajiri kijijini, ikafika maabara saa nne asubuhi, imebeba maiti. Kwangu mimi, kopo safi na choo kinachofaa palepale kituoni vina thamani zaidi kuliko boksi zima la vidonge, ambavyo hata hivyo haviondoi vizuri sisti zilizobaki utumboni.

Zipo pia amiba zisizomhitaji binadamu, zinazoishi kwenye udongo na maji. Naegleria fowleri hupenda maji yasiyo na chumvi yaliyopata joto. Chumvi haiiwezi, kwa hiyo ya kuangaliwa si maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai bali ni malambo na madimbwi ya kiangazi. Ukiinywa haikudhuru. Hupitia puani hadi kwenye ubongo, nayo huua karibu kila inayempata. Huko Karachi wapo waliougua bila kuogelea kokote, na maji ya kupandisha puani wakati wa udhu yakashukiwa. Ya kuchemshwa yakapoa ni salama.

Acanthamoeba hushambulia jicho, hasa la mwenye lenzi zinazooshwa kwa maji ya bomba. Sisti yake ina kuta mbili, ya ndani ikiwa na pembe kama nyota.

Tukirudi maabara, Naegleria hutafutwa katika maji ya uti wa mgongo ya mgonjwa yakiwa mabichi. Ikitiwa kwenye maji yaliyotoneshwa, yenye joto la mwili, baada ya saa chache huota mijeledi miwili na kuanza kuogelea. Maji ya uti wa mgongo yakiwekwa kwenye friji kwanza, amiba hutulia, na mpimaji huidhania chembe nyeupe ya damu.