KOFIA YA IDI HUANZA MIEZI MITATU KABLA

Zikibaki siku chache kabla ya Idi, nenda sokoni Darajani, mjini Unguja. Utakuta watu wamejaa. Mama anatafuta nguo za watoto. Baba anatafuta kanzu na kofia. Vijana wanachagua viatu. Kila mtu anataka kuamka siku ya Idi akiwa na kitu kipya.

Tazama meza za kofia. Meza moja ina kofia nyingi za kiwandani. Zimeshonwa kwa mashine na nyingi zimeletwa kutoka ng'ambo. Bei yake si kubwa. Meza nyingine ina kofia chache tu. Hizo zimeshonwa kwa mkono, na bei yake iko juu sana. Mnunuzi hushangaa, akauliza: "Kwani tofauti yake nini? Zote si kofia nyeupe?"

Makala hii inajibu swali hilo. Pia inakueleza namna kofia ya mkono inavyoshonwa. Huenda nawe ukapenda kumshonea mwanao, mume wako au baba yako kwa sikukuu ijayo. Na kama tayari wewe ni mshonaji, soma mpaka mwisho. Kuna hesabu inayokuhusu.

KOFIA YENYEWE NI IPI?

Kofia tunayoizungumza ni ile nyeupe yenye tundu ndogo ndogo nyingi. Tundu hizo huitwa viua. Watu wengine wa pwani huziita vito, na kofia yao huiita kofia ya vito. Kofia nyeupe iliyotarizwa huitwa pia bulibuli.

Kofia hii huvaliwa pwani yote, kutoka Lamu mpaka Kilwa, na katika visiwa vyetu. Huvaliwa msikitini, harusini, katika maulidi na siku za Idi. Huko Oman kofia ya namna hii huitwa kumma. Wanaume wa Oman huivaa kila siku. Asili yake inahusishwa na Zanzibar, kwa sababu nchi hizi mbili zimekuwa na uhusiano wa miaka mingi.

Utaitambuaje kofia ya mkono? Igeuze, utazame ndani. Viua vya mkono havilingani kabisa kama vya mashine. Kimoja kimekaza kidogo, kingine kimelegea kidogo. Papasa mistari yake kwa kidole. Utahisi uzi mnene uliopitishwa katikati ya vitambaa viwili. Uzi huo ndio unaoifanya kofia isimame vizuri kichwani.

HATUA ZA KUSHONA

Hatua ya kwanza ni kupima na kukata. Nunua kitambaa cheupe cha pamba. Kifue na ukikaushe kabla ya kupima. Kitambaa kipya hurudi, yaani hupungua, kinapofuliwa. Ukikata kabla ya kufua, kofia itambana mwenyewe baadaye.

Kofia ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kipande cha juu, ambacho ni cha mviringo. Ya pili ni ukanda unaozunguka kichwa. Pima kichwa cha mtu kwa utepe, uandike kipimo katika daftari. Usikitegemee kichwa chako kukumbuka. Kisha kata kila sehemu mara mbili, kwa sababu kofia ina tabaka mbili za kitambaa. Acha nafasi ya upindo.

Hatua ya pili ni kuchora. Chora kwa penseli, tena kwa mkono mwepesi. Watu huchora maua, nyota, majani au mistari inayopishana. Kunja ukanda mara mbili, kisha mara nne, kisha mara nane. Mikunjo hiyo itakuonyesha mahali pa kuweka kila ua. Usipopima hivi, ua la mwisho litakosa nafasi, na ncha mbili za ukanda hazitakutana vizuri. Si kila mshonaji anajua kuchora. Wengine humpa kazi hiyo mtu aliyezoea, wao wakashona tu.

Hatua ya tatu ni kushona mistari. Weka tabaka mbili pamoja, uzishone kwa kufuata mchoro. Kisha pitisha uzi mnene katikati ya mistari. Usivute kwa nguvu. Ukivuta sana, kitambaa kitajikunja.

Hatua ya nne ni viua, na hapa ndipo penye kazi kubwa. Toboa tundu dogo kwa sindano. Kisha zungusha uzi mwembamba pembeni ya tundu mpaka pembe zote zifunikwe. Kaza. Hicho ni kiua kimoja. Sasa toboa kingine. Kofia nzuri huwa na mamia ya viua. Faida yake si urembo tu. Hupitisha hewa, na kichwa hakipati joto sana.

Hatua ya tano ni kuunga. Unga ncha za ukanda, kisha uunge ukanda na kipande cha juu. Fua kofia kwa sabuni ili alama za penseli zitoke. Itie kanji, yaani maji ya wanga. Halafu ivishe kwenye faroma. Faroma ni kibao cha mviringo kinachoshika umbo la kofia mpaka ikauke. Usipotumia faroma, kofia itarudi na kupinda.

Mambo mawili zaidi. Kwanza, nawa mikono kabla ya kushika kazi, na uiweke ndani ya kitambaa safi. Jasho na vumbi huacha madoa. Pili, yatunze macho yako. Shona mchana, karibu na mlango au barazani penye mwanga. Usishone kwa taa hafifu. Kila baada ya muda inua kichwa, utazame mbali, upumzike.

ANZA LINI?

Kofia ya mkono haishonwi kwa siku tatu. Mama wa nyumbani hana siku nzima ya kushona. Ana shamba, ana maji ya kuteka, ana watoto na chungu jikoni. Akipata saa mbili kwa siku, amepata. Kwa hiyo kofia moja humchukua wiki nyingi. Kofia ngumu humchukua miezi.

Basi tazama kalenda. Idi ndogo ni siku ya kwanza ya Mfunguo Mosi, baada ya Ramadhani. Anza kofia yako mwezi wa Rajabu. Shona Rajabu yote na Shaabani yote. Ramadhani iwe ya kuunga, kufua na kutia kanji. Ukichelewa, usikate tamaa. Idi kubwa ni mwezi 10 Mfunguo Tatu. Una miezi miwili na siku kadhaa tena.

Kumbuka pia kwamba mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355. Ni mfupi kuliko ule wa kalenda ya ukutani. Kwa hiyo kila mwaka Idi hutangulia kwa siku 10 au 11 hivi. Usiseme, "Mwaka jana nilianza tarehe hii, na mwaka huu nitaanza tarehe hii hii." Utachelewa.

Kama kofia ya viua ni ngumu kwako, anza na kitu kidogo. Wanawake wengi wanajua kufuma vitambaa vya meza. Wengine hufuma kofia na soksi za watoto wachanga kwa uzi wa sufu. Hizo nazo ni zawadi nzuri kwa Idi, kwa Krismasi au kwa mzazi aliyejifungua.

UZI WA ZAMANI ULIPOTEA VIPI?

Ndugu msomaji, leo tunanunua uzi dukani. Lakini zamani watu wa pwani yetu walisokota uzi wao wenyewe. Tunajuaje? Huko Kilwa Kisiwani wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati. Vigae hivyo vilitiwa kwenye kijiti. Msokotaji alikizungusha kijiti, na pamba ikajisokota kuwa uzi. Kazi hiyo ilikuwapo miji mingine pia. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu. Aliandika kwamba nguo zilizofumwa huko zilipelekwa mpaka Misri.

Halafu nini kilitokea? Nguo za India zilikuwa zikiletwa pwani tangu zamani. Kisha, mwaka 1833, Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sultani Seyyid Said. Wafanyabiashara wa mji wa Salem walileta Zanzibar vitambaa vingi vya pamba vya viwandani. Vilikuwa imara, na bei yake haikuwa kubwa. Mpaka leo kitambaa cha namna hiyo tunakiita marekani. Baadaye Marekani iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kutoka mwaka 1861 mpaka 1865, na vitambaa vyake vikaadimika. Viwanda vya Bombay vikachukua nafasi hiyo.

Msokotaji wa pamba angefanya nini? Alichukua siku nyingi kupata uzi wa nguo moja. Dukani nguo ilikuwa tayari. Polepole watu wakaacha kusokota. Mama hakumfundisha tena binti yake. Mjini Mogadishu ufumaji uliendelea hata katika karne ya 20. Kwetu visiwani ukapotea.

Hata hivyo, kusokota hakukufa kabisa Unguja. Nenda Jambiani au Bwejuu wakati maji yametoka. Utawaona kina mama wakifukua makumbi ya nazi waliyoyafukia pwani miezi mingi nyuma. Huyapiga kwa gongo mpaka zibaki nyuzi, yaani usumba. Kisha huzisokota kwa viganja vya mikono mpaka ziwe kamba. Lakini kazi hiyo nayo inashindana na kamba za nailoni.

Hapa pana funzo. Kazi ya mikono haifi kwa sababu ni mbaya. Hufa pale mfanyaji anapoona haimlipi, na kijana anapoona hakuna sababu ya kujifunza. Je, kofia ya viua ifuate njia hiyo?

ANDIKA HESABU YAKO

Sasa tuje kwenye hesabu. Mshonaji mwingi akiulizwa, "Umepata faida gani?" hujibu, "Nimeuza, nimepata fedha." Jibu hilo halitoshi. Chukua daftari, utie mistari. Andika mambo manne: tarehe, saa ulizoshona, ulichonunua, na bei uliyouzia.

Tutoe mfano. Hizi si bei za sokoni, ni za kujifunzia tu.

Mama mmoja alishona saa 2 kila siku kwa siku 40. Jumla ni saa 80. Kitambaa, uzi na sindano vilimgharimu shilingi 8,000. Mchuuzi akaja nyumbani siku tatu kabla ya Idi, akampa shilingi 40,000. Mama akafurahi.

Tupige hesabu. Toa 8,000 katika 40,000. Zinabaki 32,000. Gawa kwa saa 80. Amepata shilingi 400 kwa saa. Mchuuzi naye akaiuza kofia ile Darajani kwa shilingi 80,000 siku hiyo hiyo.

Lau mama angeiuza mwenyewe kwa bei ile, angebakiwa na shilingi 72,000. Gawa kwa saa 80. Angepata shilingi 900 kwa saa. Hata angetoa nauli ya kwenda mjini na kurudi, bado angepata zaidi ya mara mbili.

Hatusemi mchuuzi ni mtu mbaya. Yeye anajua hesabu yake. Tatizo ni kwamba mama hakuijua ya kwake. Asiyejua saa alizotumia hawezi kutaja bei kwa uhakika. Atakubali chochote, hasa siku za mwisho, anapohitaji fedha za sikukuu.

Njia moja ni kushirikiana. Washonaji watano au sita wa kijiji kimoja wanaweza kununua kitambaa pamoja. Mjuzi wa kuchora achore, wengine washone. Mmoja wao apeleke kofia zote mjini, na nauli igawanywe. Wakubaliane bei ya chini kabisa, na waiandike. Kidole kimoja hakivunji chawa.

ZAWADI NI SAA ZAKO

Na wewe usiyeuza, unayemshonea mwanao tu? Hesabu hiyo inakuhusu pia. Siku ya Idi mtoto atavaa kofia, aende Mnazi Mmoja kucheza na wenzake. Mwambie: "Kofia hii ina saa zangu 80." Mwonyeshe daftari. Ataitunza zaidi. Kisha mkalishe karibu nawe, wa kike na wa kiume, umpe sindano na kipande cha kitambaa. Atoboe kiua kimoja. Kesho atoboe viwili. Haba na haba hujaza kibaba.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kitambaa kifuliwe kabla ya kukatwa?
2. Kwa nini kazi ya kusokota pamba ilipotea visiwani?
3. Katika kijiji chenu nani anajua kushona kofia ya viua? Amemfundisha nani?
4. Fanya hesabu: mshonaji ametumia saa 60 na vifaa vya shilingi 6,000. Anataka apate shilingi 900 kwa saa. Auze kofia kwa bei gani?

(Jibu la swali la 4: shilingi 60,000.)