Je, Wajua? Karani wa Posta Amehamia Kwenye Simu

Je, wajua kwamba kuna wakati barua iliandikwa na mtu wa tatu, na hakuna aliyeona ajabu? Nje ya posta za miji yetu aliketi karani, taipureta juu ya kimeza, foleni mbele yake. Kabla hajagusa kitufe aliuliza, "Unamwandikia nani?" Programu za kusaidia kuandika, hizi tunazozitumia leo kwa meseji na barua pepe, mara nyingi haziulizi. Jibu hilo uliweke mwenyewe, mwanzoni kabisa: namwandikia mwenye nyumba, namwandikia mwalimu wa mtoto, namwandikia mama mkwe.

Je, wajua kwamba meseji ya kwanza duniani ilitumwa tarehe 3 Desemba 1992, Uingereza? Neil Papworth aliiandika kwenye kompyuta, kwa sababu simu za wakati ule hazikuwa na njia ya kuandikia. Ilikuwa salamu ya Krismasi.

Je, wajua kikomo cha herufi 160 kwa meseji moja kilitoka wapi? Mwaka 1985, mjini Bonn, Mjerumani Friedhelm Hillebrand alikaa na taipureta akaandika sentensi za kawaida huku akihesabu herufi, akaona kwamba 160 zinamtosha mtu kusema lake.

Hapa nitakawia kidogo, maana panagusa pesa. Ritifaa, ile alama iliyo katika ng'ombe na ng'oa, ina sura mbili kwenye simu: iliyonyooka na iliyopinda. Ile iliyonyooka imo katika orodha ya herufi za meseji. Iliyopinda haimo, na programu za kuandika huipenda kwa kuwa inapendeza macho. Ikiingia moja tu, meseji nzima hubadilishiwa mfumo na nafasi hushuka kutoka 160 hadi 70. Simu nyingine huirekebisha kimyakimya, nyingine haziirekebishi. Mweka hazina wa kikundi cha wafugaji akituma tangazo la chanjo ya ng'ombe lenye herufi 150, litakatwa vipande vitatu, naye atalipia vitatu kwa kila mwanachama. Kama unatuma kwa watu wengi, futa ritifaa na uiandike upya kwa mkono. Emoji nazo huleta gharama hiyohiyo. Kwenye WhatsApp huna haja ya kuhangaika na hili.

Je, wajua kwamba kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili katika programu huria ya OpenOffice ilitoka kaunti yetu, Nakuru? Iliandaliwa na Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro, mwaka 2004. Ukiwa mtaani Free Area, ni matatu ya kwenda mjini kisha nyingine ya Njoro. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, ambayo hata menyu zake zilikuwa za Kiswahili. Ninapoona mtu amekata tamaa kwamba teknolojia haijui lugha yetu, hutamani ayajue majina haya.

Na kazi yenyewe si ndogo. Nitakupigia, hatukupigiana, walipotupigia, asiyepigiwa: mzizi mmoja, maumbo maelfu. Huwezi kuyaorodhesha yote, lazima uifundishe mashine sarufi. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliianza kazi hiyo mwaka 1985.

Je, wajua kwa nini simu yako hugeuza "sana" kuwa "Santa"? Kibodi yako inajua Kiingereza pekee. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi, fungua lugha, ongeza Kiswahili cha Kenya. Ni dakika moja.

Barua rasmi je? Mwanafunzi wa Kenya hufundishwa kuandika KUH: au MINT: juu ya kiini cha barua. Programu ikikupa YAH:, huo ni mtindo wa Tanzania. Si kosa, ila chagua kulingana na anayeandikiwa.

Je, wajua kwamba mikono ya Wakenya imo ndani ya programu hizi? Januari 2023 jarida la TIME liliandika kuhusu wafanyakazi wa kampuni ya Sama jijini Nairobi, waliosoma na kuainisha maandishi ya kutisha ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Malipo yao yalikuwa chini ya dola 2 kwa saa. Naliwaza hilo kila nipewapo sentensi safi.

Je, wajua kwamba ukibandika ujumbe wa M-Pesa ili usaidiwe kuujibu, umetoa pia jina la mtu, salio lako na pengine namba yake? Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini wa kwanza kufuta taarifa hizo ni wewe.

Sasa turudi kwenye swali la karani, kwa kisa cha fundi wa mabomba niliyemkuta kwenye cyber karibu na steji ya Free Area. Alikuwa anamdai mzee mmoja. Programu ilimwandikia: "Mpendwa Bwana, natumaini ujumbe huu unakukuta ukiwa salama." Akatikisa kichwa. Nikamshauri aieleze kwamba huyo ni mzee wa mtaani, wanaheshimiana, na deni ni la tangi la maji. Jibu la pili lilikaribia. La tatu aliliandika mwenyewe:

"Mzee, habari ya leo? Ni mimi fundi wa tangi. Zile elfu tatu zilizobaki naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, watoto wanafungua shule."

Ziliingia Alhamisi.