Nani Aliwatilia Saini Mapacha?

Novemba 2018 mtaalamu wa Kichina, He Jiankui, aliutangazia ulimwengu kwamba wamezaliwa mapacha wa kike ambao jeni zao zilibadilishwa maabara walipokuwa bado viinitete, kabla ya kutiwa tumboni mwa mama yao. Alitaraji pongezi. Wanasayansi waliokusanyika Hong Kong kujadili mambo hayo hayo walimlaumu, na Desemba 2019 mahakama ya Shenzhen ikamhukumu kifungo cha miaka 3 na faini ya yuan milioni 3.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mataifa makubwa, na kwamba sisi wa visiwani tunahangaikia vidonge vya kawaida. Hatuafikiani nao. Lililotokea Shenzhen lilianza na karatasi, na karatasi hufika popote penye mtu mwenye haja.

Wanaume walioingizwa katika jaribio lile walikuwa na virusi vya Ukimwi. Wake zao hawakuwa navyo. Walitamani watoto, na kwao China mwenye virusi hivyo hapati kwa wepesi huduma ya kutungishiwa mimba maabara. Wakapewa huduma hiyo bure. Waraka waliotia saini uliliita jaribio hilo mradi wa kutafuta chanjo ya Ukimwi. Chanjo! Neno ambalo mzazi hulipokea kwa moyo mkunjufu. Tena waraka ulieleza kwamba atakayejitoa baada ya hatua fulani atarejesha gharama zote. Tulifunzwa tangu chuoni, tukiwa na vibao vyetu mapajani, kwamba ridhaa ya aliyebanwa si ridhaa. Wazazi wale hatuwalaumu.

Na hata dharura haikuwapo. Kuosha manii ni njia ya zamani, inatosha kumkinga mtoto na virusi vya baba, nayo ilitumika hapo hapo. Jeni iliyokatwa, CCR5, ndiyo itengenezayo mlango ambao aina nyingi za virusi hivyo hupitia kuingia katika chembe za damu. Kwa maelezo ya He mwenyewe, pacha mmoja alibaki na nakala moja isiyoguswa. Mabadiliko waliyotiwa watoto hao yaweza kurithiwa na dhuria wao, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa.

Hatusemi elimu ya jeni ni haramu. Selimundu twaijua majumbani mwetu. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba yake iitwayo Casgevy, itumiayo ufundi ule ule wa CRISPR, kwa wagonjwa wa miaka 12 na zaidi. Mgonjwa huyo aweza kuuliza, aweza kukataa, na mabadiliko hukaa katika damu yake bila kwenda kwa wanawe. Bei iliyotangazwa Marekani, dola milioni 2.2, ni dhuluma ya namna nyingine, nayo yastahili makala yake.

China ilikuwa na miongozo tangu 2003, lakini miongozo isiyo na meno. Sheria ya jinai inayolitaja kosa hili ilianza kutumika Machi 2021, mapacha wakiwa wamekwisha kujua kutembea. Maofisa wetu wanaotoa vibali vya utafiti wasingoje hivyo. Waanze na jambo lililo mikononi mwao: kila waraka wa ridhaa usomwe kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya mgonjwa na jamaa zake, kinachofanywa kiitwe kwa jina lake, na atakayejitoa asidaiwe hata senti moja.