Mtoto Asipofika Shuleni

Katika mitaa ya Satellite, Riruta na Kawangware, magharibi ya Nairobi, mtoto huweza kukosa shule kwa homa, au kwa kuachiwa mdogo wake amlee, mama akiwa ametoka alfajiri kutafuta kibarua cha kufua nguo. Daftari la mahudhurio halijui tofauti hiyo. Basi Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamwagiza mwalimu mkuu achunguze kwanza. Asipoona udhuru wa haki, humwandikia mzazi ilani, na kupeleka habari kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Mzazi mkaidi aweza kutozwa faini, au kufungwa, au yote mawili. Mfua nguo atazitoa wapi fedha hizo? Heri apeleke neno kwa mwalimu asubuhi ile ile, kabla ya kwenda kazini.